Mkasi wa Baba na Mti wa Vipuli

Kwach. Kimya. Kwach. Nilisikia mkasi wa baba kabla sijafumbua macho, nikajua papo hapo kwamba nyumbani mna jambo, kwa sababu baba alikuwa bado hajarudi kutoka msikitini.

Nyinyi mliokua nasi Bondeni, Nakuru, mnaelewa. Enzi zetu nyumba ya fundi cherehani ilikuwa na vitu vingi vya kuchezea na kimoja cha kutogusa. Mkasi wa kitambaa haukukata karatasi, haukukata kamba, haukukata chochote ila kitambaa. "Atakayeugusa nitamshonea midomo," baba alikuwa akisema, nasi tulimwamini kabisa. Watoto wa siku hizi ukiwatisha hivyo watakuuliza utatumia uzi wa rangi gani.

Nikatoka uani miguu mitupu. Mama alikuwa amesimama mbele ya mti wake, kanga kaifunga kiunoni, mkasi wa baba mkononi. Matawi yalikuwa yamelala miguuni pake na matumba yake yote, mekundu, manono, yaliyokuwa karibu kufunguka. Mti uliokuwa kama mwavuli ulibaki fimbo yenye vidole vifupi.

Lazima niwaeleze mti huo ulikuwa nini kwetu. Mama Akinyi, jirani yetu, mke wa fundi wa reli, alikuwa akifua nguo kwa Mzungu mmoja huko Milimani. Siku moja alirudi na kitawi kimefungwa kwa kitambaa kibichi. "Mama Aziza," alimwambia mama, "hii maua inaitwa fuksia. Iko kama herini, ona! Lakini haipendi jua kali, na ukisahau kuipa maji inakasirika." Mama alicheka, akalipindua ua moja lililoinama, wekundu juu na zambarau chini, nyuzi zake zikining'inia. "Kwetu hivi ni vipuli," akasema. Tangu siku hiyo ukawa mti wa vipuli, na jina la Kizungu likaachiwa Milimani.

Mama aliulea mti ule kama alivyotulea sisi, na pengine kwa subira zaidi. Aliupanda upande wa mashariki, chini ya mapaa ya jiko, upate jua la asubuhi na kivuli cha mchana. Aliufunga kwenye kijiti kwa utepe wa kanga kuukuu, asikaze, na kila chipukizi lililotoka ubavuni alilibana kwa kucha, mpaka shina lilipomfika begani. Hapo akaibana ncha yenyewe, na kichwa kikaanza kutanuka. Maji ya bomba yalikuwa na chumvi, kwa hiyo ulikunywa ya pipa la mvua tu. Wakati wa kiangazi, upepo ulipoleta vumbi jeupe la ziwani, lile lililotuacha na nyusi za vikongwe njiani kwenda shule, mama aliyaosha majani kwa kitambaa, moja moja. Na maua yakinyauka aliyachuma pamoja na vitunda vyake, akisema ukiuachia matunda, mti huona kazi yake imekwisha.

Sisi tulikuwa na kazi nyingine. Tumba la fuksia ukilibana kwa vidole viwili hupasuka pap! kama fataki ndogo, na hapana mchezo wowote wa dukani leo wenye utamu ule. Aliyekamatwa alipigwa kofi la mgongoni. Vile vitunda vilivyoponyoka macho ya mama tulivila, tukakana kosa midomo ikiwa ya zambarau.

Sasa, dada yangu Aziza. Alikuwa wa kwanza darasani kila muhula, na mwalimu wake alikuwa amemwombea nafasi katika chuo cha ualimu huko Mombasa. Chuo kilipokea wasichana ambao hawajaolewa, na kingefunguliwa baada ya mvua za vuli. Lakini kabla ya mvua akaja Mzee Twahir wa Gilgil. Alikuwa na lori la kubeba udongo mweupe kutoka Kariandusi, na kila aliposhuka alikuwa mweupe toka kofia hadi viatu. Sisi watoto tulimwita Mzee Unga. Alikuwa tayari na wake wawili. Akamposa Aziza, na baba, mbele ya wazee wa mtaa, akakubali.

Akaongeza na majigambo. Mnakumbuka desturi ya watu wetu wenye asili ya pwani: bibi harusi havai maua ya mkopo. Asumini iliyoletwa kwa gari moshi ilifika Nakuru imekwisha kuwa kahawia, na baba hakutaka aibu hiyo. "Binti yangu," alisema, "atatoka nyumba hii na kikuba cha vipuli vya mama yake kifuani. Mti ukichanua, ndiyo harusi. Usipochanua, hakuna." Wazee walipiga makofi. Mti ulikuwa umejaa matumba.

Aziza alilia kimya jikoni, moshi ukawa ndio kisingizio. Enzi zetu mke hakumpinga mumewe mbele ya wageni, na neno likishatoka mbele ya wazee halikurudishwa hata chumbani.

Ndivyo ilivyofika asubuhi ile ya mkasi.

Mama Akinyi alichungulia juu ya ua wa mabati, akashika kichwa. "Yawa! Mama Aziza! Nani ameua mtoto wetu?"

"Hajafa," mama alisema. "Nimemnyoa. Nywele zitaota."

"Unanyoa bibi harusi wiki ya harusi?"

"Kichwa kilikuwa kizito."

Mlango wa uani ukalia, baba akaingia na kanzu yake ya msikitini. Akautazama mti. Akautazama mkasi. Nilijificha nyuma ya pipa nikiiziba midomo kwa mikono miwili, maana niliona uzi na sindano haviko mbali.

"Umekata mti kwa mkasi wangu."

"Nimekata, Baba Aziza. Usipopunguzwa utakufa na uzee."

Baba aliuchukua mkasi, akaufuta kwa pindo la kanzu nyeupe. Mstari wa kijani ukabaki kwenye kanzu. "Utachanua lini?"

"Ua la mti huu hutoka kwenye tawi jipya tu. Na tawi jipya lina wakati wake."

Tulingoja radi. Baba akasema polepole, "Basi tutangoja. Nilisema mwenyewe, mbele za watu."

Mti ukachipua. Ulichipua kwa fujo, majani mengi, mabichi, yanayong'aa, mpaka Mama Akinyi akasema kule Milimani hawana wa namna hiyo. Lakini hakuna hata tumba moja. Mzee Twahir alikuja akiacha nyayo nyeupe sebuleni.

"Haujachanua tu?"

"Bado," baba alisema.

"Fundi, mimi sioi mti. Naoa binti."

"Na binti hatoki bila mti. Siku ile uliniambia ni maneno mazuri sana."

Alirudi tena, na tena, na kila mara aliuzunguka mti kama mtu anayekagua lori linalokataa kuwaka. Mvua za vuli zikaanza. Aziza alisoma kando ya dirisha, na kila aliposikia lori barabarani penseli yake ilisimama.

Asubuhi moja niliamka mapema kwenda kuteka maji, nikamkuta mama kwenye mti. Kwanza nilidhani anaosha majani. Kisha nikaona vidole vyake. Alikuwa akitafuta ncha za matawi, na kila palipokuwa na tumba, dogo kama punje ya mtama, alilibana kwa kucha na kulitia katika pindo la kanga. Mama yangu! Yule aliyetupiga makofi kwa tumba moja! Ndoo ikaniponyoka na kugonga jiwe.

Aligeuka. Hakuniambia ninyamaze, hakunitisha. Alichagua tumba moja kubwa kidogo, akaliweka kiganjani mwangu.

"Pasua," akasema.

Nikalipasua. Pap! Tukatazamana, na tangu hapo nilijua, wala sikumwambia mtu.

Mvua zilipokaribia kwisha, baba alirudi kazini mapema, akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. "Twahir amechoka kungoja," alimwambia mama. "Ameoa Naivasha. Neno langu amenirudishia mwenyewe." Mama aliendelea kuchambua mchele. Baba akavuta pumzi. "Basi uache mti uchanue sasa, Mama Aziza. Kucha zako zimekuwa za kijani msimu mzima."

Sinia la mchele likatulia mkononi mwa mama. Mimi nilishtuka kuliko siku ile ya mkasi. Kumbe baba alijua! Alikuwa amekaa miezi ile yote akila, akisali, akimjibu Twahir kwa uso mkavu, na alijua.

"Na mkasi?" mama aliuliza, sauti ndogo.

"Nimeunoa. Lakini kwa kitambaa haufai tena. Kaa nao wewe."

Mti ulioachwa ukachanua kama uliotukanwa. Siku ya safari ya Aziza kwenda chuoni Mombasa, matawi yaliinama kwa vipuli. Mama aliuchukua ule mkasi, akakata vilivyo bora, akavifunga na rihani kuwa kikuba, akambandika Aziza kifuani kama bibi harusi. "Baba yako alisema hutoki bila vipuli," alimwambia.

Siku hizi nawaona mabinti wakienda vyuoni na viatu vya soli nene, redio ikipiga kelele begani, wakiubamiza mlango bila kugeuka, na mama zao wakiwa bado jikoni. Siwalaumu sana. Mlango uliokwisha kufunguliwa hauonekani kuwa na uzito. Lakini mji wetu umejaa maua ya plastiki, na mara nyingine natamani mmoja wao angejua jinsi tumba dogo lilivyo gumu chini ya ukucha.

Aziza alilia, akacheka, akamkumbatia Mama Akinyi, akanivuta sikio. Baba alitwaa sanduku akatangulia kuelekea stesheni. Dada yangu akavuka kizingiti, petali moja ya zambarau ikadondoka nyuma yake, na mama akaifunga milango kwa mikono miwili, polepole, bila kuiliza.