Bibi Aliyetii Masharti ya Mbugani

Haya nayasema uso nimeuficha ndani ya kanga, na mkitaka kucheka chekeni, maana walionicheka kwanza wameshashiba.

Mjukuu wangu Mwanaidi alikuwa ameposwa, na wakwe zake, Mzee Nassor na mkewe Bi Zuwena, wakasema twende wote mbugani, kule upande wa Mkwaja, asubuhi twende jioni turudi, tupate kujuana. Mimi skuli sikukaa sana, lakini jina la mtu halinipotei (hata mbuzi wa jirani nawajua mmoja mmoja), kwa hiyo majina ya ukweni yote, hadi ya mawifi wa Mwanaidi tuliokuwa nao safarini, Salma na Rukia, nilishayaweka kichwani.

Getini kijana wa kuongoza wageni, Chediel, akatutajia masharti: msishuke ovyo, msiwape wanyama chakula, taka rudini nazo, na ndani ya gari kimya, kelele zinawakimbiza wanyama. Mwanaidi akaninong'oneza, "Bibi, umesikia? Kimya! Leo usije ukanitia aibu ukweni." Nikaapa mdomo siufungui.

Tukafika pahala pa kupumzikia penye choo, nikaenda, wala sikumuaga mtu (ningemwambiaje Mzee Nassor, mkwe mtu, kwamba nakwenda msalani?). Natoka, nakuta magari mawili meupe yamefanana kama mayai, nikapanda lililo karibu, ndani kina mama wa mabuibui tele, mmoja akasema, "Shikamoo bibi, pita ukae," nikaitikia kwa kichwa, gari likaondoka.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunizunguka. Bi Zuwena simuoni, Mwanaidi simuoni, nikadhani wako viti vya mbele. Jirani yangu nikamuita polepole, "Salma?" Akasema, "Mimi Hadija, bibi." Yarabi! Wa nyuma niliyemdhania Rukia, kumbe Mwanahamisi. Nikasema basi, uzee umeshaingia, majina yameniponyoka yote, na hawa wakwe watasema nawadharau, posa ya mtoto ivunjike. Kuuliza nako siwezi, tumeambiwa kimya. (Wao nao, kila mmoja alidhani mimi ni bibi wa mwenzie.)

Mara redio ya upepo ya dereva ikakoroma: kuna bibi kapotea, kavaa buibui jeusi, magari yote yarudi getini, askari wameshaingia porini na bunduki.

"Masikini, asije akawa kaliwa na simba," akasema Hadija. Tukainua mikono kumuombea, mimi naitikia amina kuwashinda wote, machozi yananitoka, na moyoni nawalaumu watu wake, mzee mzima wanampoteza vipi?

Dereva akauliza redioni, "Anaitwa nani?"

"Bi Mwanakombo binti Shehe, wa Kigombe," redio ikajibu.

Hadija akanigeukia. "Na wewe bibi, jina lako nani?"

"Ndilo hilo," nikasema, nikajifunika gubigubi.

Getini Bi Zuwena kakaa chini analia, askari wanatoka vichakani wamechanwachanwa na miiba, Mwanaidi kajishika kichwa. Nikajua posa imekwisha. Mzee Nassor akanijia, kofia mkononi.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa garini, baba, nimekaa kimya kama tulivyoambiwa."

Akanitazama, akajishika mbavu, akacheka mpaka akakaa chini pembeni ya mkewe. "Mwanaidi tunamchukua," akasema, "lakini bibi yake mumfunge kengele!"

Wameoana, alhamdulillahi. Nami tangu siku ile, nikiingia gari la mtu, kabla sijakaa nauliza kwa sauti, "Nyie watu wa nani?" na simba kama atakimbia, na akimbie.