Mbuzi wa Krismasi wa Mwalimu Hiribae

Mimi ni Rufus, mkata mawe wa kisiwa cha Manda, na kama kuna kitu ninachokijua vizuri kuliko mawe, ni aibu. Nitawaeleza habari za Mwalimu Hiribae, kwa sababu yeye mwenyewe hajielezi. Ukimsifu anakuuliza kama umekunywa chai.

Ni Mpokomo wa Tana. Alikuja Amu, yaani Lamu mjini, akiwa kijana, kufundisha hesabu shule ya msingi, akastaafu, mkewe akafariki, akahamia huku kwetu machimboni, nyumba ya vyumba viwili karibu na kanisa letu la mabati. Wakristo wa hapa si wengi, na karibu sote ni watoto wa watu waliotoka bara kuja kukata mawe. Mwalimu ndiye mzee wa kanisa. Alinikuta nina miaka kumi na tisa, nimelewa saa nne asubuhi, akanikalisha barazani kwake akanipa mstari mmoja wa Injili niusome wiki nzima. Mmoja tu! Jumapili akaniuliza, "Umeufanya?" Hakuuliza kama nimeuelewa. Pombe niliiacha kwa kumwonea haya tu.

Ndipo akaninunulia kadi ya memori yenye Biblia nzima iliyosomwa kwa sauti, nisikilize nikiwa kazini. Nilifika kitabu cha Kutoka. Halafu rafiki yangu mmoja akanitumia mahubiri ya mhubiri fulani wa Nairobi, mtu wa sauti ya radi, na kadi ikajaa. Nikaifuta Biblia ili mahubiri yapate nafasi. Ndiyo, niliifuta.

Sitamsingizia yule mhubiri. Maneno yake yalinitia nguvu. Siku nyingine nilikata mawe huku machozi yananitoka na vumbi linanigandia usoni. Lakini alikuwa na hubiri moja kuhusu meza ya Mkristo, kwamba mkono usiomjua Yesu usiguse chakula chako cha sikukuu, na hilo nililirudia mpaka nikawa nalisema pamoja naye. Nikaanza kumwona Mwalimu ni mtu vuguvugu. Mstari mmoja kwa wiki, na yule wa Nairobi alikuwa akimaliza sura nzima kwa dakika tano.

Sasa, Mwalimu ana desturi yake. Kila Krismasi hununua mbuzi, na anayemchinja ni Bwana Abdulwahid, seremala wa Amu ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wake. Huvuka asubuhi na kisu chake, na mkewe Bi Umulkheir na watoto, akachinja, kisha Waislamu na Wakristo wakala sinia moja. Akichinja Mkristo, nusu ya wageni hawali. Huku kwetu hilo analijua hata mtoto wa chekechea. Walikuwa wamefanya hivyo miaka ishirini na mitatu bila kukosa.

Krismasi ya mwaka juzi Mwalimu aliniacha uani nimwangalie mbuzi na kuchemsha maji, yeye akaenda kupanga viti kanisani. Nilikuwa na hubiri lile masikioni. Nikachukua kisu cha jikoni nikamchinja mbuzi mwenyewe, nikiomba kwa jina la Yesu kwa sauti kubwa. Nilijiona Eliya.

Boti ilipofika, Bwana Abdulwahid alikuja moja kwa moja hadi uani, amevaa kanzu safi, kisu chake kimefungwa kwenye gazeti. Mbuzi alikuwa ananing'inia, nimeshamchuna nusu.

"Nani metinda mbuzi?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Ufasaha wote wa Nairobi ukaniruka. Niliangalia damu kwenye viatu vyangu.

Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni. "Ni mimi niliyemwambia achinje," alisema. "Nimezeeka, Abdulwahid. Nilisahau kama unakuja. Nisamehe."

Sikuwa nimewahi kumsikia akisema uongo, hata ule mdogo wa kumfariji mgonjwa.

Bi Umulkheir alisema haidhuru, wao hata njaa hawana. Walikunywa chai kwa tende, wakacheka palipohitaji kicheko, wakaondoka kabla ya adhuhuri, mtoto wao mdogo akigeuka geuka kutazama sufuria. Mwalimu hakuonja nyama ile. Hakunikemea pia. Laiti angenikemea!

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa. "Nimemwambia jirani yangu uongo siku ya kuzaliwa kwa Bwana," alisema. "Sitahudumu kwenye Meza ya Bwana mpaka nimwombe radhi." Hakumtaja mtu. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kwamba labda ni uzee. Mimi nilikuwa benchi la pili. Nafasi ya kusimama nilikuwa nayo, maana tuliimba wimbo mzima wa beti tano, na sikusimama.

Jumatano nilimwona akienda kupanda boti ya Amu, nikamfuata. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Tulimkuta Bwana Abdulwahid karakanani kwake na mafundi wake wawili. Kabla Mwalimu hajafungua kinywa nikasema yote, mbio mbio, hata habari ya kadi niliyoifuta. Hiyo Mwalimu aliisikia hapo kwa mara ya kwanza, na nilimwona akifumba macho.

Bwana Abdulwahid aliweka patasi chini.

"Nalijua siku iyo iyo," alisema. "Mwalimu asahau kwamba nakuya? Asubuhi ile alinipigia simu mara mbili, aniuliza kama tushatoka." Akaniangalia. "Mbuzi si kitu, Rufus. Mbuzi tutakula mwaka mwingine. Kilichoniuma ni kumsikia mwalimu wangu asema urongo, nawe umesimama papo hapo, umenyamaza."

Nilitaka anitukane zaidi, anifukuze, nipate pa kutokea.

Mwalimu akaniwekea mkono begani. "Lakini amekuja, Abdulwahid," alisema. "Unamwona? Amekuja kwa miguu yake." Alilisema kwa fahari, kama baba ambaye mwanawe amepita mtihani. Hapo ndipo nilipovunjika. Nililia mle karakanani mbele ya mafundi, na Mwalimu hakuondoa mkono wake.