Moshi Juu ya Makuti ya Mama

Mume wangu alipofariki na eda yangu ikaisha, wanangu walifanya kikao bila mimi. Walikata shauri nihamie Nairobi kwa kifungua mimba, nikae ghorofani nitazame televisheni mpaka siku yangu ifike. Nikawaambia narudi kwetu Msambweni. Walicheka.

"Mama, ile nyumba ya bibi sasa ni kichuguu," akasema binti yangu Asha.

Hakukosea kusema hivyo. Nyumba ya makuti ikifungwa haidumu, na ya mama ilikuwa imefungwa tangu tulipomzika, miaka mingi nyuma. Lakini mimi nimeishi Nakuru tangu nilipoolewa, nimeshona sare za shule hadi vidole vikapinda, na baridi ya kule imenishinda. Nilimrudishia mwenye nyumba funguo zake, nikanunua mabati ya kuezekea kibanda endapo nitakuta gofu, nikapakia cherehani yangu kwenye lori la Baba Shiru. Huyu ni jirani yangu, mtu mzima, mchuuzi wa viazi ambaye hajawahi kuiona bahari. Nikaondoka bila kujua kama nina pa kulala.

Tulilala Mtito Andei. Asubuhi tukafika Taru, na Baba Shiru akasimamisha lori kwa sababu ya mbuzi. Walikuwa wengi kando ya barabara, vumbi jekundu hadi kwenye kope, na yeye akashuka kuwapapasa migongo ilhali hana nia ya kununua. Mimi nikakaa kwa mama muuza chai. Alilitazama lori letu, kabati na kitanda juu.

"Mama, mwahamia wapi?"

"Kwetu Msambweni."

"Kuna nani nyumbani?"

"Hakuna mtu. Nyumba ni ya makuti, imefungwa siku nyingi."

Akanimiminia chai, akatikisa kichwa. "Basi mungelichukua hema."

Nilicheka naye, lakini chai ile sikuimaliza.

Kabla ya adhuhuri, na mji wa Mombasa ungali mbele yetu, tulikunja kulia tukaingia barabara ya Dongo Kundu. Zamani zangu, kwenda kusini kulikuwa ni kivuko cha Likoni: unapanga foleni, unasukumwa, unasukuma. Sasa barabara inapaa juu ya mikoko. Chini yetu maji ya hori yalikuwa yametulia, na vilele vya mikoko, ambavyo nilizoea kuviangalia kutoka chini nikiwa na tope magotini, nilivitazama kutoka juu kama ndege. Nilisema "Subhanallah" kwa sauti. Baba Shiru akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Ukunda tulisimama kuweka mafuta. Mji umefumuka, maghorofa yamesimama mahali ambapo nilikuwa nachuma ukwaju. Mhudumu wa mafuta alichungulia dirishani.

"Niaje mathe, tujaze?"

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu.

Akasita, akacheka, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

"Hapo sasa. Jaza."

Baba Shiru aliomba aione bahari kabla ya safari kwisha, kwa hiyo tukateremka Diani. Njiani mbega walikuwa wakivuka barabara kwa ngazi ya kamba iliyofungwa juu yetu, mama mmoja na mtoto wake mweupe kifuani, hawana haraka, nasi watu wazima wawili tumeacha midomo wazi. Ufukweni Baba Shiru alivua viatu, akaingia majini hadi vifundoni.

"Mama Asha, haya maji yote," akasema, "na hakuna mtu anamwagilia nayo shamba?"

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nilikulia kando ya bahari hii. Nilioga humo, nikaosha humo masufuria, sikuitazama hata siku moja. Sasa niliitazama mpaka mwili ukanisisimka, nikaona aibu kidogo kwamba nilihitaji mchuuzi wa viazi kunionyesha.

Alasiri tulifika Msambweni. Tulipoacha lami kuelekea chini, nilitoa kichwa dirishani. Nilihesabu minazi ninayoijua, nikaukuta msikiti, nikakikuta kisima. Kisha nikaliona paa la mama. Lilikuwa limesimama, jeusi, limenyooka, na moshi ulikuwa ukivuja katikati ya makuti yake.

"Mama Asha," akasema Baba Shiru taratibu, "kuna watu wanaishi hapo."

Nyumba ilikuwapo, ila ilikuwa imepata wenyewe. Nilishuka nikiwa nimeshika ufunguo ambao sikuuhitaji, maana mlango ulikuwa wazi, nikasimama kwenye kizingiti cha mama yangu nikapiga hodi kama mgeni.

"Hodi!"

"Karibu!" ikajibu sauti ya kike kutoka jikoni.

Akatoka Dada Riziki, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anafuta macho kwa ncha ya leso. Alinitazama, akalitazama lori, akaweka mikono kichwani.

"Mwanahamisi! Mbona hukusema waja? Ningelipika samaki, hapa nina mihogo mitupu!"

"Shikamoo, dada. Umehamia hapa?"

"Marahaba. Nihamie nina wazimu? Kwangu ni pale. Naja kuwasha moto."

Nikakumbuka jambo ambalo baridi ya Nakuru ilinisahaulisha: makuti hupona kwa moshi. Jiko likilala, wadudu hula paa. Kumbe kila Ijumaa, miaka yote ile, Dada Riziki alikuja na makumbi ya nazi, akafungua kwa ufunguo aliopewa na mama, akachemsha chakula chake katika jiko lake. Palipooza, wanawe walipachika makuti mapya.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Nilipoolewa Vanga, mamako alinifukizia nyumba yangu. Niliporudi na talaka yangu mkononi niliikuta yasimama. Hakunitumia salamu za kuniambia."

Nilikaa chini kwenye sakafu ya mama, masizi yakining'inia juu yangu, nikalia bila kujificha. Baba Shiru alishusha vitu peke yake. Tulikula ile mihogo watatu, naye akasema haijafikia viazi.

Yeye alirudi Nakuru kesho yake na chupa ya maji ya bahari ya kumwonyesha mkewe. Mabati yangu yamekuwa banda la kuku. Asha alipiga simu kuuliza habari za kichuguu, nikamwambia kina vyumba viwili na ukumbi, aje aone. Nilidhani narudi mahali ambapo hakuna aliyebaki wa kunijua, kumbe wiki baada ya wiki kulikuwa na mtu ananiwekea nafasi yangu.

Juma lililopita Dada Riziki alikwenda Vanga kumlea bintiye aliyejifungua. Hakuniachia maagizo yoyote. Leo ni Ijumaa. Nimebeba makumbi, kiberiti na sufuria ya kunde hadi mlangoni kwake, nikapiga hodi ingawa najua hamna mtu, kisha nikaingia jikoni nikainama kuwasha.