Mama Maswali na Lebo Mia na Kumi na Saba

Saa mbili na robo asubuhi, foleni ya wagonjwa imeshafika mlangoni. Ndani ya maabara, mwanamke wa miaka arobaini na moja anavaa glovu, anachuchumaa mbele ya kabati la chini na kuanza kuhesabu chupa ambazo hakuna anayezitaka.

"Hizi zote muda umepita?"

"Zote, dada," anajibu mkuu wa maabara, macho yake yakiwa bado kwenye hadubini. "Na usiniulize kwa nini, utakaa hapa mpaka jioni."

"Nimekuja na chakula changu," anasema, na kuvuta kigoda.

Kampuni yake inauza vifaa vya maabara na chupa za dawa za kupimia kama hizo. Yeye ni mtafiti wa soko: huwauliza wanunuzi wanatumia nini, wanatupa nini na wanatamani nini, kisha huishauri kampuni iuze nini na kwa namna gani. Huko anakopita wamemzoea kwa jina la Mama Maswali.

Kwa miaka kumi na miwili yeye mwenyewe alikuwa mpimaji wa maabara. "Wauzaji walikuja, wakatuachia kalenda, wakaondoka," anakumbuka. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama kifuniko cha chupa kinafunguka."

Alipoajiriwa miaka mitatu iliyopita, mauzo kwa maabara ndogo yalikuwa yanaporomoka, na mkurugenzi alitaka kuachana nazo abaki na hospitali kubwa. Mama Maswali akaomba wiki sita za kuzungukia wateja.

"Nikampa nne," anasema mkurugenzi huyo, akicheka. "Nilitegemea ripoti nene. Akaja na bahasha, akaimwaga mezani kwangu."

Zilimwagika lebo mia na kumi na saba, alizozibandua kwenye chupa zilizopitwa na muda. Juu ya kila lebo alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kiasi kilichobaki siku ya kutupwa. Kati ya maabara thelathini na nane alizotembelea, ishirini na tisa zilikuwa zinatupa zaidi ya nusu ya kila chupa.

"Chupa ilikuwa ya nusu lita, na ukishaifungua ina miezi mitatu tu," anaeleza. "Maabara yenye wagonjwa kumi kwa siku itaimaliza lini? Nikamwambia, mzee, hawa hawajaacha kupima. Wamechoka kununua wanachokimwaga."

Mkurugenzi alizigeuzageuza lebo. "Alizisoma moja moja," anasema Mama Maswali. "Kisha akaniuliza, 'Wanataka chupa ya ukubwa gani?' Hapo nikajua mambo yamenyooka."

Watengenezaji walikubali kufungasha chupa za mililita mia moja. Kampuni ilitarajia oda sitini mwezi wa kwanza; zikaja mia nne na kumi na mbili. Karani wa oda alizima kompyuta na kuiwasha tena, akidhani imeharibika.

Furaha kubwa zaidi aliikuta katika zahanati moja ya mbali, ambako wagonjwa walikuwa wakisafiri nusu siku kwenda kupima figo. "Sasa tunanunua chupa ndogo, na mtu anapata majibu hapa hapa kabla ya saa sita," anasema muuguzi mkuu. "Bibi mmoja alikataa kuondoka. Alidhani tunamtania."

Nyumbani, mume wa Mama Maswali, fundi seremala, anasema mkewe hapumziki kuuliza. "Nikibakiza chakula, anataka kujua sababu. Nikikimaliza, anataka kujua sababu pia."

"Na majibu yake hayanisaidii kitu," anadakia mkewe, na wote wawili wanacheka.

Mwezi ujao ataanza kuongoza kitengo chenye watafiti wanne, wote aliowachagua kutoka maabara. Anataka kila mmoja ashinde siku nzima na wapimaji kabla ya kuandika swali lolote kwenye dodoso.

Kule maabarani, kabla hajamaliza kuhesabu chupa, simu yake inaita. Ni mpimaji wa maabara nyingine, ana lalamiko: maandishi kwenye chupa mpya ni madogo mno, hayasomeki bila miwani.

Mama Maswali anafungua daftari, uso umemchangamka. "Haya, kaka, nieleze polepole. Ungependa yawe makubwa kiasi gani?"