Dereva wa Kileleni

Tangu malori ya watu binafsi yaanze kushuka kutoka Mbinga hadi ziwani, dereva yule mwenye viganja vipana hakupita kilele cha mlima bila kuzima injini na kuvua kofia. Siku hiyo ukungu ulikuwa umemeza barabara. Ndani ya lori, kando ya dereva, Avelina alimpakata mwanawe mgonjwa, akimpeleka hospitali ya misheni.

“Twende, kaka. Mtoto anaungua.”

“Vumilia, mama. Bibi yangu alivuka hapa kwa miguu akikimbia vita, baba yangu mgongoni. Naye alingoja ukungu uondoke.”

Akamfunika mtoto kwa koti lake, akabaki akitetemeka kwa baridi. Mara upepo ukavuma, na chini kabisa Ziwa Nyasa likatokeza, kubwa mpaka likagusana na mbingu. Mtoto, aliyekuwa kimya tangu juzi, akanyoosha kidole.

“Maji,” akasema.