Mafungu ya nyanya yamemwokoa binti yangu mbele ya mwalimu

Jamani, sikieni yaliyonikuta!

Leo mwalimu wa darasa la kwanza kaniita. Anasema binti yangu hesabu hajui, huenda akarudia darasa.

Akamuuliza mbele yangu: "Ishirini ina tano ngapi?"

Mtoto akahesabu vidole, vikamwishia. Jasho likanitoka mimi.

Mwalimu akammwagia vizibo vya soda ishirini. Mtoto akavipanga: vinne chini, kimoja juu, kama ninavyopanga nyanya zangu gulioni Bukiriro.

"Mafungu manne, mwalimu!"

Na mimi kila siku namfukuza: "Acha kuchezea nyanya, kasome hesabu!"

Mwalimu kasema harudii. Ila Jumatatu nikapange nyanya mbele ya darasa zima.

Mimi, niliyeishia la tatu! Wale watoto wakiniuliza swali, nikimbilie wapi?