Mawimbi Niliyoyaita kwa Kiingereza

Nilipokuwa kijana wa kazi Mwadui niliamini, kwa moyo wangu wote na bila kumwuliza mtu wa pili, kwamba anayeyajua majina ya mawimbi kwa Kiingereza hawezi kufa maji. Habari hiyo aliniletea mwenzangu wa zamu, tuliyekuwa tukisukuma naye toroli za mchanga wa almasi. Wazungu, alisema, walivuka bahari zote kwa ujanja huo: wimbi likija, unaliita kwa jina lake hasa, nalo linalala chini.

Nichekeni, lakini kwanza mjue nilikotoka. Kwetu, upande wa Mhunze, ng'ombe haitwi ng'ombe tu. Kila mmoja ana jina lake kufuatana na rangi, madoa na pembe zake. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kama elfu tatu, tuseme arobaini na wawili, na akimwita mmoja kutoka ng'ambo ya mbuga, ni huyo huyo aliyeinua kichwa na kuja. Hata fahali aliyekwisha kuinamisha pembe ili amtoboe mtu, akisikia jina lake alitulia. Sasa kama fahali anasikia, wimbi lina ubishi gani?

Haja ya mawimbi niliipata mwaka niliomaliza shule ya jioni. Barua ilifika kutoka kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita: nafasi ya karani wa mahudhurio ipo, nifike Jumatatu saa moja asubuhi, la sivyo apewe mwingine. Karani, mimi, mtu wa toroli. Siku hiyo nilitembea nimenyoosha shingo mpaka ikauma. Lakini kati yangu na Geita palikuwa na ziwa, na maji mengi kuliko yote niliyowahi kuingia yalikuwa ya lambo la ng'ombe, yaliyonifika kiunoni.

Nikamwendea mwalimu wetu wa jioni, ambaye mchana alikuwa karani wa stoo na zamani alifanya kazi kwenye meli ya ziwani.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba unifundishe mawimbi."

"Marahaba. Mawimbi? Wenzako wanataka barua za uchumba."

"Mimi nataka mawimbi. Yote."

Akachukua chaki. Ripple, akaandika, ni mikunjo midogo, kama ng'ombe akipumua juu ya maji ya kunywa. Hiyo mifano ya ng'ombe aliitia kwa ajili yangu. Swell ni mgongo mpana wa maji usio na povu, unaotoka mbali na kupita chini ya chombo kama nundu. Whitecap ni wimbi lililoota mvi kwa upepo. Breaker ni lile linalovunjika likifika penye kina kifupi. Akaeleza na matumizi yake: nahodha akiambiwa kuna swell anajua upepo mkali ulivuma mahali pengine, na akisikia breaker anajua pana mwamba au fungu la mchanga, asisogee. Matumizi hayo niliyaandika kwa mwandiko mzuri sana, wala sikuyasikiliza. Nilichotaka ni majina.

Nilikariri wiki nzima. Kwenye toroli breaker, kwenye ugali swell. Mwenzangu alinisahihisha matamshi, yeye asiyejua hata herufi moja.

Jumapili asubuhi nilifika ziwani, upande wa Mwanza, na kukuta kivuko kimekwisha kuondoka. Kijana mmoja wa Kizinza alikubali kunivusha kwa mtumbwi wake, pamoja na magunia yake ya chumvi. Aliniita shemeji, kwa sababu, alisema, Wasukuma wote wanawawinda dada zake. Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma na kafi, magunia katikati yamempanda mpaka machoni.

Tulipofika katikati upepo ukaamka. Mgongo mkubwa wa maji ukaja, ukubwa wake kama mlima Kilimanjaro na kidogo zaidi. Nikasimama, nikainua mkono kama nilivyomwinulia fahali, nikaita, "Swell!"

Ukapita chini yetu, taratibu kabisa.

"Shemeji, unamwita nani?"

"Wimbi. Na limeitika."

"Kaa chini. Utatumwaga."

Sikukaa. La pili lilikuwa na mvi. Nikaliita whitecap mara mbili, kwa adabu zote, nalo likanijia kifuani, likaniangusha juu ya chumvi na kujaza mtumbwi mpaka vifundoni. Kijana alinirushia kibuyu. Nikachota maji na kuyamwaga nje, nikachota na kumwaga, huku nikiiona kazi yangu ya ukarani ikizama kabla sijaikalia kiti.

Ng'ambo ilipokaribia, nikaona mbele yetu mstari mweupe unainuka na kuvunjika, unainuka na kuvunjika, mahali pale pale. Sikuwa na nguvu ya kuita. Nilinong'ona tu, "Breaker."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Maji yanavunjika. Mwalimu alisema pana mwamba."

"Wapi? Magunia yananiziba."

Nikaonyesha kwa kibuyu. Akazamisha kafi kwa nguvu zake zote, pua ya mtumbwi ikageuka, na jiwe jeusi, kubwa kama nyumba, likapita ubavuni nikiweza kuligusa.

Kazi niliipata. Jumatatu saa moja kasorobo nilikuwa mlangoni, daftari limevimba kama andazi. Lakini Jumapili ile, kabla sijakanyaga nchi kavu, nilimwuliza yule kijana kwa nini la kwanza lilinisikia na la pili likakataa.

"Hakuna lililokusikia, shemeji," alisema, akifunga kamba. "Ng'ombe ana masikio, maji hayana. Ukiona wimbi, niambie mimi mwenye kafi."